Tusiifunze Lamu Moshi

Watu wa visiwa vya Lamu siku hizi huitwa kwenye warsha wakafundishwa namna ya kupunguza hewa ya ukaa. Hukalishwa vitini, wakaonyeshwa picha za barafu inayoyeyuka nchi za mbali, wakaambiwa kila mmoja ana wajibu wake. Hatuna ugomvi na elimu. Lakini huyo anayefundishwa ametoka katika watu ambao kwa karne nyingi wamebeba mchanga na mawe kwa punda, wamesafiri kwa tanga, wamejenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na wamelala katika nyumba zisizohitaji feni. Kenya nzima huchangia chini ya asilimia 0.1 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani. Ndani ya sehemu hiyo ndogo, fungu la Pate, Manda, Kiwayu na Amu yenyewe, kisiwa chenye mji wa Lamu, ni dogo mno hata kulihesabu ni taabu.

Tunapiga mbiu leo kwa sababu maisha hayo yanavunjwa tukiyatazama, na mara nyingi wanaoyavunja ni walewale wanaosema wamekuja kuyasaidia. Lamu inasukumwa kwenye petroli, saruji na makaa, kisha inaletewa mradi wa kuipunguzia moshi. Mwenye nia ya kweli ya kusaidia kisiwa kidogo angeanza kwa kulinda yale ambayo hayakuwa na moshi tangu hapo, kisha ndiyo aulize la kuongeza.

Taifa lilishaliona jambo hili mara moja katika sura yake mbaya kabisa. Mwaka 2016 mtambo wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, ulipewa leseni ya mazingira ili ujengwe Kwasasi, si mbali na mji ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Makaa yenyewe yangeagizwa kutoka nje kwa meli. Nchi inayopata sehemu kubwa ya umeme wake kwa mvuke wa ardhini, maji na upepo ingejijengea chimbuko kubwa kupita yote la hewa ya ukaa, na ingelijenga jirani ya watu wenye punda. Wana Lamu walikataa. Walikwenda mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo likaifuta leseni, likisema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikajitoa mwaka huohuo.

Ulikuwa ushindi mkubwa, na waliousimamia wanastahili heshima ya nchi nzima. Lakini uliwafanya wengi wetu tudhani kazi imekwisha, na huku moshi unaingia kwa njia ambazo hazina bomba refu la kuonekana kwa mbali.

Njia ya kwanza ni baharini. Bandari ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, ilihitaji kina, na kina hakipatikani bila kuchimba sakafu ya bahari. Tope lililotifuliwa lilifunika matumbawe na majani ya bahari katika Ghuba ya Manda, mahali ambapo mvuvi wa mashua alifika kwa upepo akarudi siku hiyohiyo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Malipo yalivutwa miaka kwa miaka, na sehemu yake ikapangwa itolewe kwa vyombo, mashini na zana za kuvulia bahari kuu.

Hapa pana jambo la kutazamwa kwa makini. Mtu aliyekuwa akivua karibu kwa tanga ameharibiwa pa kuvulia, na dawa aliyoandikiwa ni mashini ya petroli imfikishe mbali. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo safari inayomeza lita 20 huacha hewani kilo 46 hivi. Hiyo ni hesabu ya hewa. Hesabu ya nyumbani ni kwamba bei ya lita hizo 20 hukatwa kwanza kwenye mauzo ya samaki, kabla nahodha na mabaharia wake hawajagawana. Chombo kikirudi mikono mitupu, deni la mafuta liko palepale kwa tajiri anayenunua samaki, na kesho mvuvi atamuuzia kwa bei atakayotajiwa. Umaskini na moshi vimepanda chombo kimoja, na aliyevipakia ni mradi wa serikali. Mvuvi huyu akiitwa kwenye warsha ya kupunguza kaboni, ana haki ya kuuliza kaboni hii ni ya nani.

Hatuwaambii wavuvi warudi kwenye tanga tupu. Anayeijua kusi ya Juni hawezi kumtuma mwenziwe bahari kuu bila mashini, na hakuna aliyekaa ofisini bara mwenye haki ya kumtaka mtu wa Kizingitini ahatarishe roho yake kwa ajili ya hewa ya dunia. Tunachodai ni kwamba fedha za fidia na bajeti za uvuvi zisitumike kana kwamba Lamu haina ujuzi wake. Mafundi wa Matondoni wanajua kuunda mashua inayobeba tanga na mashini pamoja, ambayo nahodha wake huzima mafuta upepo ukikubali. Vyombo vya fidia viundwe na mafundi hao. Mashini zinazonunuliwa ziwe za aina isiyochanganywa oili na petroli, ambazo hula mafuta machache. Na matumbawe na majani ya bahari ya Ghuba ya Manda yafufuliwe kwa gharama ya bandari iliyoyafukia, maana kila eneo la karibu litakalorudi kuwa na samaki litampunguzia mvuvi lita za kununua.

Kisha kuna barafu, jambo ambalo ripoti za tabianchi hulipita bila kulitazama. Samaki aliyevuliwa kwa petroli akaoza kabla ya kufika Mokowe amechoma mafuta bure. Mvuvi wa Pate anayekosa barafu huwahi kuuza kwa hasara au hukodi mashua nyingine impelekee mzigo mbio, na zote mbili ni gharama. Barafu inataka umeme wa uhakika, na umeme wa visiwa hivi una kisa chake.

Mji wa Lamu ulipofikiwa na gridi ya taifa, uliachana na majenereta makubwa ya dizeli. Pate ilibaki nyuma. Faza ni miongoni mwa vituo ambavyo Kenya Power imekuwa ikiviendesha kwa dizeli nje ya gridi, na dizeli hiyo husafirishwa kwa barabara, kisha kwa bahari, kabla haijawasha taa moja. Kila lita ikiungua ni kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Mwenye nyumba Faza halipi peke yake gharama hiyo: hutandazwa kwenye ada ya mafuta ambayo kila mteja wa umeme nchini huikuta kwenye bili yake. Kwa hiyo msomaji wetu wa Nakuru au Kisumu anachangia moshi wa Pate kila mwezi bila kujua, na ana sababu yake mwenyewe ya kuuliza kwa nini jua linalochoma mabati ya Faza mwaka mzima halijachukua nafasi ya dizeli. Lamu imo katika kaunti 14 za mradi wa KOSAP, uliopata fedha za Benki ya Dunia tangu mwaka 2017 kwa ajili ya kupeleka umeme wa jua mahali ambapo gridi haifiki. Muda uliopita unatosha. Wizara ya Kawi itoe hadharani orodha ya vijiji vya Lamu Mashariki vilivyopata mitambo, vile vinavyosubiri, na tarehe.

Na mitambo hiyo ikifika, isiwe mali ya mgeni ambaye wanakijiji hawamjui jina. Kisiwa cha Eigg, magharibi mwa Scotland, kina watu mia moja na kidogo, na zamani nyumba nyingi zilinguruma na majenereta yake. Februari 2008 wakazi waliwasha gridi yao wenyewe ya maji, upepo na jua. Walikubaliana kwamba nyumba isivute zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja na biashara isivute zaidi ya 10, ili asitokee mmoja akawazimia wote. Sharti hilo limeshika kwa sababu waliolitunga ndio wanaolitii. Watu wa Siyu na Kizingitini, ambao tangu zamani wamegawana visima na maji ya birika bila polisi kusimama pale, hawahitaji kufundishwa maana ya kutumia kwa kiasi. Wanahitaji kukabidhiwa.

Nchi kavu nako mambo yanakwenda mbio. Mji wa kale wa Amu uliishi bila magari kwa sababu vichochoro vyake havikujengewa gari. Asubuhi punda hupanga safu pwani, shogi kila upande zimejaa mchanga uliotoka kwenye jahazi, wakapanda kichochoro kimojakimoja hadi mahali panapojengwa. Leo wanapishana na bodaboda. Kaunti imetoa amri za kuziondoa kwenye mji wa kale, na pikipiki zipo. Hatuwalaumu vijana wanaoziendesha, maana kijana asiye na kazi atashika usukani wowote unaompa mia mbili. Tunailaumu kaunti inayotoa amri bila kutoa njia. Mji wa kale na pwani yake vibaki vya punda na miguu, na wenye punda wasaidiwe kwa matibabu na vivuli vya kupumzikia wanyama. Njia za Shela, Matondoni na Kipungani zipewe pikipiki za umeme, kwa mikopo kupitia vyama vya vijana wenyewe. Umeme wa gridi yetu kwa sehemu kubwa hauna moshi. Kisiwa chenye safari fupi kinafaa pikipiki hizo kuliko Nairobi zinakozinduliwa kwa sherehe.

Jikoni tutapita upesi, ingawa ndiko moshi unakomdhuru mtu moja kwa moja. Mama wa Pate anapika kwa kuni, au kwa seredani na makaa yaliyovushwa kutoka bara, ambako misitu ya Witu na Hindi inapungua. Serikali iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia mwaka 2023, lakini mtungi unaofika Mokowe kwa lori bado hupanda mashua, ukashuka, ukabebwa tena, na kila mkono unaoupokea huongeza bei. Kaunti ilipie uvushaji wa mitungi kwenda visiwani.  Penye umeme wa gridi, kama Amu, masufuria ya umeme yatolewe kwa malipo ya mwezi kwa mwezi. Kwingine, seredani yenye udongo wa kuhifadhi moto na matumizi ya vifuu vya nazi yataokoa makaa mengi tukisubiri jua lifike.

Tunafika sasa kwenye mikoko, na hapa ndipo tunapotaka msomaji akae nasi zaidi.

Kenya ina hekta 61,000 na kidogo za mikoko, na zaidi ya hekta 37,000 kati ya hizo ziko Lamu. Hekta moja ya mikoko huweka kaboni mara kadhaa ya msitu wa nchi kavu wa ukubwa huohuo, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo iko chini, ndani ya tope, ambako hukaa mamia ya miaka tope lisipofukuliwa. Kwa maneno mengine, watu wa Lamu wanaishi juu ya mojawapo ya maghala makubwa ya kaboni katika pwani ya Afrika Mashariki. Mtu anayelijua ghala hili kuliko wote ni mkataji wa mikoko.

Mkataji huingia horini na maji yakijaa, akaliacha dau likae juu ya tope yakitoka. Huvua viatu, akapanda juu ya mizizi ya mkoko shoka begani, na kabla ya kuupiga mti huushika kwa kiganja kuupima. Huu ni fito, auache. Huu ni pau. Ule ni mazio, ule pale umekuwa boriti, na ule mnene wa nyuma umeshakuwa nguzo. Mchu hana kazi nao kwa majengo, anatafuta mkoko na mkandaa. Huhesabu kwa korija, korija moja miti ishirini, na maji yakirudi dau linaelea na mzigo wake. Boriti iliyokatwa hivyo ikapandishwa kwenye dari ya nyumba ya mawe itakaa humo miaka mingi, kaboni yake ikiwa imefungwa ndani. Ukuta mnene chini yake utaweka chumba baridi adhuhuri. Ujenzi wa namna hii, ukataji wake ukifanywa kwa vipimo na sehemu zikapewa muda wa kupumzika, ni katika njia safi za kujenga nyumba zilizopo nchini.

Serikali imemtendeaje mtu huyu? Mikoko ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932. Mwaka 1982 usafirishaji wa boriti kwenda Uarabuni ulipigwa marufuku, na biashara ya karne nyingi ikakatika. Februari 2018, misitu ya mlimani ilipokuwa ikifyekwa, marufuku ya ukataji miti ilitangazwa kwa nchi nzima, na mkataji wa Lamu akaadhibiwa kwa makosa ya watu wa mbali mpaka marufuku hiyo ilipolegezwa kwa ajili ya Lamu. Kila zuio kama hilo lina upande wa pili ambao hauandikwi. Mwenye kujenga haachi kujenga. Akikosa boriti hununua saruji na vyuma, na kila tani ya saruji inapotengenezwa hutoa zaidi ya nusu tani ya hewa ya ukaa. Akimaliza hutafuta kiyoyozi, kwa kuwa tofali la saruji lenye bati juu ni joto tupu. Tunakubali kwamba moto umeteketeza mitaa ya makuti mara nyingi, Amu na Pate pia, na mwenye kuhamia kwenye mabati ana sababu nzito. Basi bati liwekwe dari ya boriti chini yake, na sheria iiruhusu boriti hiyo ipatikane kwa njia halali.

Ghala hili sasa limepata wanunuzi. Katika biashara ya kaboni, kampuni ya mbali hulipa ili miti ibaki imesimama au ipandwe, kisha hujihesabia tani hizo. Inaweza kuwa heri. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza takriban tani 3,000 kwa mwaka tangu 2013 kutoka hekta 117 tu, na fedha zake zimeingiza maji kijijini na kusaidia shule. Wanakijiji wenyewe huamua ziende wapi. Vanga wakafuata kwa hekta 460. Mwenye kutazama hekta 37,000 za Lamu kwa macho ya biashara anaona mara nyingi ya hizo.

Hapo ndipo hofu yetu ilipo. Wafugaji wa kaskazini walishaonja mradi mkubwa wa kaboni, na Januari 2025 Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya Isiolo ilitamka kwamba hifadhi mbili za jamii, mojawapo ikiwa ndani ya mradi huo, ziliundwa kinyume cha sheria. Pate na Kiunga zina misitu ya serikali, vikundi vyenye hadhi tofauti, na hifadhi za jamii ambazo mipaka yake wengi hawaijui. Akina mama wa Mtangawanda, waliootesha miche ya mikoko kwenye tope kwa mikono yao, hawana hati ya msitu huo. Mkataji naye hana. Wakija wenye mikataba ya miaka 30 au 40, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, nani atatia sahihi kwa niaba yao? Na mkataji akiambiwa asiingie tena horini kwa sababu mti umeuzwa hewani kwa mtu wa Ulaya, atalipwa nini, na nani?

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi iliyorekebishwa mwaka 2023 inasema jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mradi wa kaboni wa ardhini, baada ya gharama. Maneno "baada ya gharama" yanaweza kumeza fungu lote iwapo hakuna anayekagua vitabu. Tunaitaka Serikali ya Kaunti, Idara ya Misitu na Bunge la Kaunti ya Lamu kuweka wazi sasa, kabla ya sahihi yoyote, jinsi vyama vya wakataji na vya waotesha miche vitakavyoandikishwa kuwa wadau kisheria, na kazi ya ukataji kwa vipimo iandikwe ndani ya mkataba kama haki isiyouzika. Kamati za wadi za tabianchi, ambazo husaidia kupanga matumizi ya fedha za FLLoCA, mpango wa kugharimia hatua za tabianchi za mashinani, zipewe mkaguzi wao wa hesabu. Mkataba wenyewe usomwe wote kwa Kiswahili, mchana, Faza, Siyu, Mtangawanda, Kizingitini, Ndau na Amu, bei ya tani ikitajwa, miaka ikitajwa, na gharama zitakazokatwa zikitajwa moja moja. Wanavijiji wapewe miezi mitatu ya kuujadili pamoja na wakili asiyelipwa na mnunuzi. Kijiji kitakachosema hapana kitolewe kwenye ramani ya mradi, na umeme wake wa jua, barafu yake na mashua zake za fidia zifike vilevile.